Chuo Kipi kwa Mwenye Nia ya Kutumikia Watu?

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumepewa fomu za kuchagua tahasusi za Kidato cha Tano na vyuo vya kati, na bwenini hapana mazungumzo mengine. Wengi wasema kuwa wataka kazi ya kusaidia watu. Neno hilo ni zuri, lakini ukiwauliza watakwenda chuo gani kujifunza kusaidia, hutaja chuo chenye jina kubwa na majengo ya kupendeza. Mimi naona hiyo si njia ya kuchagua, na nawaomba wasomaji wa gazeti letu, hasa wazazi, wanivumilie nieleze kwa nini.

Mimi natoka wilaya ya Kongwa, ambako wazee hawajasahau mradi wa karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta na wataalamu kufyeka pori letu wapande karanga, kwa kuwa kwao mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya vita. Haikuwa sadaka, ingawa ilisemwa kuwa wenyeji nao watafaidika. Waliokuja walikuwa na elimu, wala fedha haikuwapungukia, maana hadi mradi ulipovunjwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Lakini mvua za Ugogo ni chache, na udongo wake wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, hata kuzing'oa karanga ikawa taabu. Mkulima yeyote wa Kigogo angaliweza kuwaambia hayo kabla trekta la kwanza halijashushwa. Yeye hupanda uwele na mtama kwa sababu aijua mvua yake.

Sasa tazameni jambo jingine la wilaya ile ile. Kwetu ugonjwa wa vikope umepofusha watu wengi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa macho wamefanya kazi katika vijiji vya Kongwa, na moja ya mambo waliyoyachunguza ni jambo dogo kabisa, yaani kuwaosha watoto nyuso. Maji yalikuwa mbali, na akina mama walidhani kuosha uso kwataka maji mengi. Ilibidi kukaa nao na kuwaonyesha kwamba maji kidogo hutosha nyuso za watoto wengi. Mtu asiyeketi na mama huyo hawezi kujua kwa nini mtoto ana uso mchafu. Atasema ni uvivu, kisha atarudi mjini kuandika taarifa.

Bibi yangu alikuwa na vikope tangu ujana wake. Kope ziligeuka zikaingia ndani, zikawa zinakwaruza jicho, naye alikuwa akiketi mlangoni penye mwanga ili nimng'oe kope kwa kibano. Sikuipenda kazi ile, maana nilikuwa mdogo na mkono ulitetemeka. Aliyemfanyia upasuaji wa kope alikuwa muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo, akaifanya pale pale katika zahanati. Alimsalimu kwanza kwa Kigogo, "Mbukwa," akamwuliza habari za ng'ombe, ndipo akafungua vyombo vyake. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuharibika. La kulia laona hata leo.

Kwa sababu hiyo nataka kuandika uuguzi katika nafasi ya kwanza. Nina alama nzuri za Kemia, Baiolojia na Fizikia, nazo ndizo zinazotakiwa, na masomo ya stashahada ni miaka 3. Wenzangu wamecheka, wakisema unesi ni kazi ya wanawake na ya walioshindwa kwenda Kidato cha Tano. La kwanza sina haja ya kulijibu. La pili lanisikitisha zaidi, kwa kuwa nimelisikia pia kwa baba yangu. Yeye asema mtoto mwenye alama hizi asome hadi chuo kikuu, kwani wauguzi wengi wamemaliza vyuo na hawajapata ajira. Hapo asema kweli, nami sina budi kukubali. Lakini wenye shahada wasio na kazi nao tunawaona, tena mwenye stashahada yenye alama za kutosha aweza kuomba shahada baadaye.

Simdharau daktari, wala sisemi kila mtu awe muuguzi. Mkoa wetu una vyuo vingi vya watumishi wa watu. Mvumi kuna chuo cha afya penye hospitali ya Kanisa Anglikana, na Mirembe kuna cha uuguzi penye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mpwapwa hufundisha mifugo, Hombolo hufundisha kazi za serikali za mitaa, na hapa mjini kiko Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Chuo Kikuu cha Dodoma, cha mwaka 2007, kila mtu akijua.

Kabla ya kuandika jina la chuo, yafaa mtu aulize kwanza kama kimesajiliwa, maana wapo waliolipa ada wakapata vyeti visivyotambuliwa. Kisha aulize mwanafunzi hukaa wodini au kijijini siku ngapi katika mwaka, na ni nani amsimamiaye huko. Akiambiwa ni wiki chache za kupeleka barua ya utambulisho na kugongewa mhuri, na afikiri tena. Pia amtafute mtu aliyesoma pale, amwulize siku yake ya kwanza kazini aliweza kufanya nini kwa mikono yake. Mimi nimemwandikia barua shangazi amwulize muuguzi yule alisoma wapi.

Mwalimu wa taaluma ametaka fomu zirudishwe kabla ya likizo fupi, na baba atakuja siku ya wazazi. Yangu bado iko sandukuni. Nafasi ya kwanza nimekwisha kuijaza, ila kwa penseli.

Mwanafunzi, Kidato cha IV