Ahadi ya Mwenyezi Mungu haichelewi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maradhi ya imani ni mja kumwekea Mola wake tarehe. Huomba riziki, mtoto au afya. Miezi ikipita husema ahadi imechelewa. Akishafika hapo, mlango wa mganga au wa rushwa hauwi mbali naye.

Tuwatazame Masahaba. Mwezi wa Dhulqaada, mwaka wa 6 Hijria (628), Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na watu wapatao 1,400 kwenda Umra, baada ya kuoteshwa kwamba wataingia Msikiti Mtukufu kwa amani. Makuraishi wakawazuia Hudaibiya. Ukaandikwa mkataba: vita visimame miaka 10, na Waislamu warejee bila ya Umra, waje mwaka unaofuata. Nyoyo ziliungua. Sayyidna Umar (R.A.) akamkumbusha Mtume ile ahadi ya kuifikia Al-Kaaba. Mtume akamuuliza: je, alimwambia kuwa ni mwaka ule? Umar akajibu kuwa hakumwambia.

Hapo ndipo penye somo. Ahadi ilitoka kwa Mola. Mwaka waliuweka wao.

Mwaka wa 7 waliingia Makka, wakatufu. Ramadhani ya mwaka wa 8 (630) wakarudi watu wapatao 10,000, na mji ukafunguliwa. Kumbe katika utulivu wa mkataba ule watu wengi walipata nafasi ya kuusikia Uislamu na kusilimu. Ndiyo maana aya ya 27 ya Suratul Fat-h inatukumbusha kuwa Mola aliyajua wasiyoyajua wao.

Je, mwenye dhiki akae tu akingoja? Hasha. Siku ile Masahaba waliposita kuchinja na kunyoa, Mama Ummu Salama (R.A.) alimshauri Mtume aanze yeye, alipoanza, wote wakamfuata. Basi asiye na kazi aendelee kuitafuta kwa njia ya halali, na mgonjwa asiache dawa wala dua. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mja hujibiwa maadamu hafanyi haraka, akasema ameomba wala hakujibiwa.

Ewe ndugu yangu, kabla hujasema Mola amechelewa, jiulize: tarehe hiyo ni nani aliyekupa?

Mwenyezi Mungu aturuzuku yakini na subira. Amin.

Wabillahi Tawfiq.