Jina la Baba Katika Cheti cha Kuzaliwa

Yako makosa ambayo karani huyaandika kwa dakika moja, na mwenye kuandikwa huyachukua maisha yake yote. Mojawapo ni jina la baba katika cheti cha kuzaliwa. Twapenda kulinena jambo hili mbele ya wenzetu wa chama, kwa kuwa sisi ndio washika kalamu.

Hivi karibuni alikuja mezani petu mtu mzima, mzaliwa wa machimbo ya dhahabu. Alizaliwa Geita ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, maana Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012. Baba yake alikuwa mchimbaji kutoka mbali, wala hakutoa mahari. Naye mtoto akalelewa kwa mjomba wake, upande wa Shinyanga. Siku ya kuombewa cheti, karani aliuliza, "Baba yake nani?" Mjomba akajitaja mwenyewe, kwani mtoto alikaa katika mji wake na kula chakula chake. Hapana aliyekusudia uongo. Sasa baba mzazi amekufa, na ndugu zake wamemkubali mwana wao. Lakini mirathi ikitajwa, cheti chamkana.

Kwa desturi ya Usukuma, mtoto ambaye ng'ombe hawakutolewa kwa ajili ya mama yake huhesabiwa kwa upande wa mama. Desturi hiyo ina hekima, maana haimwachi mtoto bila mji. Lakini cheti hakiulizi mtoto ni wa mji gani. Chauliza ni nani aliyemzaa. Maswali hayo ni mawili, na karani asipoyatenganisha huzaa fitina itakayoamka baada ya miaka mingi.

Basi mwombaji wa namna hii ajapo, tumjibu nini? Kwanza tupambanue. Kama Masanja ameandikwa Masanga, hilo ni kosa la herufi, nalo husahihishwa na ofisi ya usajili kwa kiapo na ushahidi. Lakini kumwondoa mtu mmoja na kumweka mwingine si kusahihisha herufi; ni kuamua ukoo wa mtu, na kazi hiyo si ya karani, ni ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu ombi la kumthibitisha mzazi lipelekwe mahakamani kabla mtoto hajatimiza miaka 18, na baada ya umri huo kwa idhini maalumu ya mahakama. Tena yataja miaka 3 baada ya kifo cha mzazi. Kwa hiyo mtu tunayemwambia "njoo kesho" mara nyingi aweza kupotewa na haki yake mlangoni petu.

Mahakama hutazama mambo kadha wa kadha: sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kumkiri mtoto mbele za watu, na kipimo cha vinasaba. Lakini hutazama pia jina lililoandikwa katika daftari la vizazi. Wasomaji wetu na walitafakari hilo: kosa la kalamu yetu hugeuka kuwa shahidi dhidi ya mwenye haki.

Twasikia wako wanaomcheka mwombaji, wakisema, "Umekwisha kuwa mzee, wataka baba wa nini?" Wako na wanaopokea kitu kidogo na kumfanyia cheti kipya kwa siri. Wa kwanza wamvunjia mtu heshima. Wa pili wamtega. Maana vyeti huhakikiwa na RITA, kama wajuavyo wanafunzi waombao mikopo ya elimu ya juu, na cheti kisichopatana na daftari humwaibisha mwenyewe, wala si aliyekiandika.

Wengine watasema kwamba kulifuta jina la mjomba ni kumtupa. Twalifahamu neno hilo, na yule bwana mwenyewe alitokwa na machozi alipolitaja. Wazee walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Lakini heshima ya mlezi haikai katika nafasi ya jina la baba; yakaa katika moyo wa aliyelelewa. Mjomba aliye mwungwana ndiye atakayekuwa shahidi wa kwanza kumfuata mpwa wake mahakamani.

Jambo hili halijapita. Tangu mwaka 2013 mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya, umepeleka kalamu ya vyeti katika ofisi za kata na vituo vya afya, na mikoa yetu ya Geita na Shinyanga imefikiwa. Washika kalamu wameongezeka, na machimboni wangali wakizaliwa watoto ambao baba zao wamehamia shimo jingine.

Basi, ndugu, yatupasa mambo matatu. Tumwulizapo mleta mtoto, tuulize "Aliyemzaa ni nani?" na tena "Wewe u nani kwake?" Tusijaze nafasi kwa kuwa tu yachukiza kuiona tupu. Na mtu mzima ajapo kutafuta jina la baba yake, tumpe kiti, tumweleze njia ya mahakama siku iyo hiyo, wala tusimwulize sababu. Kila mtu ana haki ya kujua alikotoka, nasi tumewekwa pale tumwandikie kweli.