Ndizi, Katani na Gunia la Sandarusi



Siku ukija Dar es Salaam, hapana shaka utafika Kariakoo. Hata aliyekuja kumtazama mgonjwa hurudi kijijini na kitu cha Kariakoo. Basi ukipita Mtaa wa Kongo na ule wa Msimbazi, tazama vitu vilivyotundikwa madukani: ndoo, madumu, kandambili, kamba za buluu, maturubai, na yale magunia mepesi ambayo watu huyaita ya sandarusi. Vingi vyake ni plastiki. Leo nataka nikueleze plastiki ni kitu gani hasa, nami ninayo sababu ya nyumbani kwangu.

Mama yangu anakaa nasi hapa mjini. Kila alfajiri yeye ndiye awashaye jiko la mkaa, na kwa miaka mingi aliwashia kipande cha dumu lililopasuka. Huwaka upesi kweli. Hata mkaa uliolowa mvua hushika. Lakini mtoto wetu mdogo hulala chumba cha uani, naye alikuwa akikohoa kila asubuhi. Nilipomwomba mama aache, aliniuliza: “Mwanangu, kuni nazo si zina moshi? Plastiki ina nini?” Nikakosa jibu, mimi niliyesoma chuo cha ualimu. Ikanibidi kufungua tena vitabu vya sayansi.

Tuanze na ndizi. Wewe wajua kuvundika. Ukitaka ndizi mbichi ziive upesi, wazifunika vizuri na katikati waweka moja iliyokwisha iva. Hiyo moja hutoa hewa isiyoonekana, nayo hewa hiyo ndiyo inayoziamsha nyingine. Wataalamu huiita etilini. Kipande chake kilicho kidogo kabisa, yaani molekuli, kina atomu mbili za kaboni na nne za haidrojeni. Huwezi kukiona wala kukishika.

Sasa sikiliza ajabu. Dumu lako la maji limetengenezwa kwa etilini iyo hiyo. (Si kwamba viwanda hukamua ndizi! Wao huipata katika mafuta na gesi ya ardhini.)

Yawezekanaje hewa kuwa dumu? Fikiri kwamba atomu ya kaboni ina mikono minne. Katika etilini, kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili miwili, na mikono iliyobaki imeshika haidrojeni. Kiwandani hewa hiyo hubanwa, hutiwa joto, na huwekwa kitu cha kuichochea. Ndipo zile kaboni mbili huachiana mkono mmoja. Mkono mtupu hautulii, humshika jirani. Jirani akishikwa, naye huachia mkono mmoja, huo hushika mwingine, na mwingine, kama watoto wa shule waendao uwanjani wakishikana mikono, ila hapa mstari una maelfu. Hewa imekuwa mnyororo, na minyororo mingi ikilaliana huwa kitu kigumu. Mnyororo wa namna hiyo huitwa polima, neno litokalo katika Kiyunani, maana yake “sehemu nyingi”. Plastiki hii ya etilini ilipatikana kwa bahati tu. Mwezi wa Machi 1933, wakemia wawili wa kampuni ya ICI huko Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakijaribu jambo jingine kwa kuibana etilini kwa nguvu kubwa mno. Wakakuta chomboni kitu cheupe kama nta.

Lakini usidhani kwamba kazi ya kuunganisha ilianzia viwandani. Nchi hii ya Uzaramo ilijulikana ng’ambo kwa sandarusi ya kweli kabla mji wa Dar es Salaam haujajengwa. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi. Ule mpya, ambao haujakomaa, wafanya biashara wa zamani waliuita chakazi, nao bei yake ilikuwa ndogo. Bali ule uliokaa mchangani miaka mingi sana, hata mti wenyewe umekwisha oza na kusahauliwa, ulikuwa mgumu na wa thamani. Watu waliuchimba kwa jembe, ukapelekwa Unguja, na kutoka huko ukavuka bahari mpaka Salem katika Marekani, ukatengenezewa vanishi. Tofauti ya chakazi na sandarusi ni nini? Ni wakati. Molekuli ndogo za utomvu zilishikana polepole humo ardhini, pasipo kiwanda wala mtambo. Leo jina lile limehamia kwenye gunia la plastiki, nami naona waliolihamisha hawakukosea sana.

Labda utaniuliza: kama vyote ni minyororo, mbona kamba ya katani huoza, na ile ya buluu haiozi? Swali zuri. Katani nayo ni polima, mnyororo wa sukari. Hata ugali ni mnyororo wa sukari. Jaribu leo jioni: weka tonge mdomoni bila mboga, tafuna taratibu, usimeze. Baada ya muda utasikia utamu kidogo. Ni mate yako yanayoukata mnyororo. Tena sukari ya ugali na ya katani ni moja, glukosi. Namna ya kushikana tu ndiyo mbali, na kwa ajili hiyo hakuna mtu ashibaye kamba.

Lakini kuvu na vijidudu vya udongoni huiweza katani. Kila sukari mbili ziliposhikana, molekuli moja ya maji ilitoka. Vijidudu huyarudisha maji pale pale kwenye kiungo, nacho hufunguka. Katika dumu hakuna kiungo cha namna hiyo. Ni kaboni kwa kaboni kwa kaboni, mwanzo hata mwisho, vijidudu havina pa kuuma. Jua hulikausha dumu likavunjika vipande, na vipande vikawa vumbi, lakini vumbi hilo ni plastiki bado. Ndiyo maana mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Nikuonye jambo moja: ile mifuko laini kama kitambaa iliyokuja baadaye, mingi ni polipropilini, ndugu wa etilini. Usiifukie shambani ukidhani ni pamba.

Narudi kwenye jiko. Moto huukata mnyororo, kweli, lakini huukata ovyo kama mlevi mwenye panga. Jikoni moto ni mdogo na hewa haitoshi, basi minyororo hukatika vibaya ikatoa masizi na hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Hiyo ni plastiki ya dumu, ambayo ni afadhali. Iko nyingine, ya mabomba ya maji na maganda ya nyaya za umeme, iitwayo PVC. Hiyo ina klorini ndani yake. Ikiungua hutoa asidi iwashayo kifua, pamoja na sumu ziitwazo dioksini. Nani kati yetu, akiokota kipande uani kungali giza, ana hakika ni cha dumu wala si cha bomba?

Nilimweleza mama hayo yote. Kuhusu moshi wa kuni nilimpa haki yake, maana nao huumiza kifua, na nimemtolea jiko nje kabisa, mbali na dirisha la mtoto. Sasa huwashia makumbi ya nazi. Yanachelewa kushika, naye hulalamika, hasa siku za mvua. Mtoto bado anakohoa mara moja moja, lakini si kila alfajiri. Dumu lililopasuka tumelikata juu, tumelitia udongo, mama amepanda mchicha.