WAZEE WAULIZWE MMOJA MMOJA

Wahenga walisema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Katika kukata shauri usemi huu ni wa kweli. Lakini katika kukumbuka mambo yaliyopita yafaa tuupime upya, hasa Nachingwea na Ruangwa, ambako wazee wachache wamebeba vichwani mambo yasiyomo katika daftari lolote.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mwaka 1951 mpango ukavunjika, kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya karanga hizo nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hesabu za pauni zilihifadhiwa Uingereza. Lakini ni nani waling'oa visiki, walilipwa nini, na mashamba ya nani yalichukuliwa? Majibu yamo vifuani mwa wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1950 sasa ana miaka 90 hivi. Hapana muda wa kupoteza.

Desturi yetu ni kuwakusanya wazee chini ya mwembe. Mwenyekiti hufungua, mzee mmoja huanza, na wengine huitikia. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, Weldon na Bellinger, walitangaza majaribio yao juu ya jambo la namna hii. Watu watatu wakikumbuka pamoja hutoa mengi kuliko mtu mmoja. Lakini hutoa machache kuliko jumla ya yale ambayo watatu wale wale wangetoa kila mmoja peke yake.

Sababu si uvivu tu. Kila mtu ana njia yake ya kurudi nyuma. Dereva wa trekta hukumbuka kwa mashine. Mama aliyewapikia vibarua hukumbuka kwa mvua na kwa bei ya unga. Dereva akianza kusema, mama hulazimika kufuata njia ya dereva, na njia yake mwenyewe hukatika.

Tena yako madhara mengine mawili. Kosa la msemaji mmoja huwaingia wenzake, wakaliapia kana kwamba waliliona kwa macho yao. Na yale yanayokaribiana na habari iliyosimuliwa, lakini yakaachwa bila kutajwa, hufifia hata katika akili za wasikilizaji. Basi sauti ya mkubwa hupoteza ya wadogo, na wala hapana aliyekusudia kudanganya.

Hatusemi baraza livunjwe. Baraza hukosoa uongo, humkumbusha aliyesahau, na humpa mnyonge ushahidi wa jirani. Shida ni utaratibu: tunaanza na baraza, na hali tungepaswa kumalizia nalo.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, kila mzee aulizwe nyumbani kwake, na maneno yake yaandikwe kabla hajasikia ya wenziwe. Wanawake waulizwe kama wanaume. Pili, wazee wakutanishwe, wasomewe, wasahihishane. Tatu, palipo na hitilafu, kauli zote mbili zibaki katika daftari. Asiwepo katibu wa kuzisawazisha ili zipendeze.

Jambo hili si la historia tu. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kuingia vijiji vipya, wakaacha makaburi na mashamba ya zamani. Leo madini ya kinywe yametafutwa na kupatikana Ruangwa, na mpaka wa shamba umekuwa mali. Shahidi aliyekwisha kumsikia mwenzake barazani huenda akaapa kwa kumbukumbu isiyo yake, na mjane mmoja akakosa haki yake ya fidia.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kumbukumbu ni mali. Daftari lake lifunguliwe sasa, na kila mzee apewe ukurasa wake.