Mtandao Umesingiziwa

Tuache kusingizia mtandao. Ingia ofisi yoyote kuanzia Kibondo hadi Kasulu: karani akifungua faili likasuasua, utaambiwa "mtandao unasumbua", na hapo mjadala umefungwa. Hakuna aliyekosea. Mwenye shida anarudi kwenye benchi. Mtandao tumeufanya kama mvua: ukija umekuja, usipokuja utamuuliza nani?

Kwanza, mtandao upi? Barua iliyohifadhiwa kwenye seva ya chumba cha pili inapita kwenye kebo ya ukutani, haiendi Dar es Salaam wala Ulaya. Hata Mkongo wa Taifa ukikatwa na tingatinga leo, barua hiyo inapaswa kufunguka.

Pili, hesabu. Barua ya kurasa mbili ina kama kilobaiti 40. Etherneti ya kiwango cha mwaka 1983, yaani kabla mimi sijazaliwa, ilipitisha megabiti 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ya kizee, barua yetu inahitaji kama sekunde 0.03. Katika ofisi moja ya Kasulu nilikokusanya data za tasnifu yangu ya uzamili (jina naliacha), ilichukua karibu dakika nzima. Kila barua. Mama aliyetoka Makere anazihesabu dakika hizo kwa gari la mwisho la kurudi, na mbele yake kuna watu kumi na wanane.

Fundi alikuwa ameshaitwa. Alitazama, akasema mtandao, akapendekeza kebo mpya na swichi mpya. Hakupima chochote, na hapo ndipo ugomvi wangu na yeye ulipo. Kupima hakuna gharama. Nilinakili barua moja ndani ya kompyuta yenyewe, nikaifungua: dakika ileile. Kwa hiyo kebo haina hatia. Nikafungua ukurasa mpya mtupu, ukaja papo hapo. Nikabandika maneno ya barua humo, nikahifadhi, nikafungua tena. Papo hapo. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya faili.

Barua iliyoandikwa kwa Word hubeba anwani ya kiolezo ilichotengenezewa. Kila ikifunguliwa, programu inakwenda kukitafuta kiolezo hicho kwenye anwani hiyo. Seva ikiwa haipo, haikati tamaa haraka. Inabisha hodi, inangoja, inabisha tena. Nilipoitazama anwani, ilikuwa na jina la seva nisiyoijua, kisha folda iitwayo MTABILA.

Kwa asiyejua: Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya watu zaidi ya 30,000 kurudishwa kwao ndani ya wiki chache, wengi bila kupenda. Leo pale pana kambi ya JKT. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, wakapokewa Nyarugusu na Nduta. Watu wamehamishwa, nyumba zimebomolewa, mashirika yamefunga virago, lakini barua za Kasulu bado kila asubuhi zilikuwa zinabisha hodi Mtabila. Mtu alirithi kiolezo kizuri chenye nembo na mistari, akafuta nembo, akaendelea.

Watasema karani si fundi. Kweli, na simlaumu karani. Alinifundisha mengi kuhusu ofisi ile kuliko mkuu wake. Namlaumu anayelipwa kutafuta sababu akaleta ankara. Namlaumu pia mkuu anayesaini ankara bila kuuliza swali moja tu: umejuaje kuwa ni kebo?

Kubadilisha kiolezo kwenye barua moja kulinichukua muda mfupi kuliko kuifungua. Folda ile ilikuwa na barua zaidi ya mia mbili. Tulifika ya sitini na kitu, karani na mimi, tukipokezana, kabla sijaondoka. Kebo mpya zilikuwa zimeshafika, zimewekwa juu ya kabati, bado zina nailoni yake.