Mbwa wa Mwalimu Alale kwa Nani?

Kila shule zinapofungwa, kituo cha matatu cha Ukunda hujaa mabegi ya walimu wanaorudi kwao bara. Baadhi yao wamepanga nyumba Kona ya Musa na vitongoji vya jirani, na wamo wanaofuga mbwa kwa kuhofia wezi. Mwalimu huvuka kivuko cha Likoni na kupanda basi la usiku. Mbwa hubaki na mnyororo shingoni nyuma ya nyumba, na mtoto wa jirani ameachiwa sarafu chache ili amrushie ugali jioni. Huo ndio uitwao mpango. Twathubutu kusema kwamba si mpango hata kidogo.

Tuanze na mtoto huyo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na dalili zikishajitokeza mgonjwa haponi ila kwa nadra kubwa. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Mkakati huo hauwezi kufaulu iwapo mtu aliyesoma humwachia mtoto wa miaka tisa mbwa asiyechanjwa, mwenye njaa, aliyefungwa wiki tatu bila kumwona bwana wake. Akimng'ata, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitalini siku iyo hiyo. Je, mwalimu alimweleza mama yake hayo kabla ya kupanda basi?

Kuna na suala la heshima. Majirani zetu Wadigo aghalabu ni Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Si kwamba hawana huruma. Kila aliyepita madrasa anamjua mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyelala kizingitini mwao. Lakini kumhurumia mnyama ni jambo moja, na kumtwisha mtoto wa watu sufuria ya mbwa huku adhana ya Magharibi ikikaribia ni jambo jingine.

Basi atafutiwe mahali pa kulala kwa malipo, na wa kuulizwa kwanza ni daktari wa mifugo. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Sisi twashauri uende mwenyewe, tena jioni, uulize ni nani alalaye pale usiku. Ukijibiwa kwamba mlinzi hupitapita, rudi na mbwa wako. Wasipokudai cheti cha chanjo, jua kwamba hawakumdai mwingine yeyote, na wako atalala ukuta mmoja na huyo. Chungulia nyufa za kuta, kwani humo ndimo kupe wa mbwa hutagia mayai. Tazama kivuli na maji, maana joto la Januari huku kwetu si mchezo. Ua nao uwe imara: Diani ni maskani ya mbega, na mbwa aliyetoroka huwarukia wanaposhuka chini.

Asiyemudu gharama hizo, na mishahara ya walimu twaijua, aelewane na mwenzake anayebaki, mtu mzima aliyezoeana na mbwa huyo. Amlipe, amwachie chakula, cheti na nambari ya daktari.

Chanjo yenyewe haingoji siku ya safari. Ile ya kwanza huhitaji takriban mwezi mmoja kabla ya kutegemewa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28, muhula wa tatu ukiwa bado unaendelea. Mwalimu atakayempeleka mbwa wake wiki hiyo atakuwa na cheti cha kuaminika mkononi shule zitakapofungwa.