Tezi Yangu Imelala, Akili Yangu Hailali

Leo sina vichekesho. Wale mmezoea kuniona nikibishana na mbuzi pale soko la mifugo Bisil, nivumilieni leo tu, wiki ijayo mbuzi watarudi.

Tangu niseme wazi kwamba natumia dawa ya thairoidi na pia naenda kwa mshauri kwa sababu ya wasiwasi, watu wamenigawa vipande viwili. Kuna wale wananiambia, "Kama ni thairoidi, basi huo wasiwasi si wa ukweli, meza dawa utaisha." Halafu kuna wale wengine: "Wewe ni mawazo tu yanakusumbua, hiyo thairoidi ni jina kubwa la kujitetea." Kila upande umenipangia ugonjwa mmoja, eti nichague. Mimi nasema siwezi kuchagua, kwa sababu niko na yote mawili, na kila nilipojaribu kuamini nina moja tu, niliumia.

Nirudi nyuma kidogo. Mnakumbuka 2022. Kama wewe ni wa Kajiado huhitaji kuelezwa ile kiangazi, mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu, na mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya Namanga mpaka tukazoea harufu. Baba alipoteza karibu wote. Mimi nilikuwa nasoma Kitengela, karo ikawa ya kuombea kwa mjomba, nikaanza kuamka saa nane usiku moyo ukigonga kama mtu anabisha mlango. Kupanda matatu ikawa vita. Nikikalishwa nyuma katikati, bila dirisha, nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nitakufa kabla ya Isinya. Si kuogopa ajali. Kufa tu, hivyo, nimeketi.

Kila mtu alikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa ya maana: ng'ombe wamekufa, nyumbani hakuna pesa, lazima msichana awe na mawazo. Hata mimi niliamini. Kwa hivyo mambo mengine yalipoanza, yote nilitupa kwenye gunia hilo hilo.

Nilikuwa nasikia baridi. Bisil! Jua la saa saba mchana, watu wamejificha chini ya mti, mimi niko na jaketi. Nywele zikawa zinatoka na mizizi, nikagombana na dada wa saluni kwamba ananivuta sana (dada, kama unasoma hii, nisamehe, deni la soda ni langu). Hedhi ikawa nzito na ndefu. Choo, tuache tu. Sauti ikakwaruza, na mimi kazi yangu ni sauti, mpaka mtu akaniuliza kama nimeanza sigara. Nikawa nasahau nilichotaka kusema katikati ya kurekodi. Nikinenepa huku chakula hakipiti. Na uchovu ambao hata ukilala saa kumi na mbili unaamka kama mtu aliyebeba mawe usiku.

Nilienda kliniki moja, sitaitaja. Nikaambiwa nipunguze simu na nipunguze mawazo, nikapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Nikarudi tena baada ya miezi, dawa ile ile, na safari hii nikachekwa kidogo. "Nyinyi vijana wa siku hizi."

Aliyenisaidia ni daktari mmoja wa kike ambaye hata sikuwa nimeenda kwake kwa ajili yangu, nilikuwa nimempeleka nyanya yangu. Aliniangalia uso umefura, akaniuliza, "Wewe husikia baridi?" Swali moja tu. Nikashtuka kama mtu ameonwa na mganga. Akanigusa shingo, akaniambia nimeze mate, akaandika kipimo cha damu kinaitwa TSH. Majibu yakarudi 38. Maabara nyingi huweka kawaida hapo kati ya 0.4 na 4.

Sasa niwaeleze hii vizuri kwa sababu mimi mwenyewe niliona namba nikadhani nina thairoidi nyingi. Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, umbo lake kama kipepeo, na kazi yake ni kutoa homoni inayoambia mwili ukimbie kwa mwendo gani: moyo, tumbo, joto, ngozi, akili. TSH haitoki hapo. Inatoka chini ya ubongo, na ni kama msimamizi anayepiga kelele, "Fanya kazi!" Tezi ikilala, msimamizi anapaza sauti. Kwa hivyo TSH ikiwa juu sana, kawaida maana yake ni tezi iko chini. Yangu ilikuwa inapigiwa kelele na haiamki.

Nyanya, koko wangu, aliposikia ni tezi ya shingo akasema hiyo ni rovu, aliwaona watu wenye rovu akiwa msichana, nile chumvi. Hakukosea kabisa. Ukikosa iodini tezi inateseka na inaweza kuvimba. Lakini Kenya iliweka sheria ya chumvi kuwa na iodini tangu 1978, na mahali ambapo watu wanapata iodini ya kutosha, sababu kubwa ya tezi kulala ni ugonjwa wa Hashimoto: kinga ya mwili wako inageuka na kuishambulia tezi yako mwenyewe. Jina ni la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeandika juu yake 1912 baada ya kuchunguza wanawake wanne. Inatupata sisi wanawake zaidi ya wanaume, kwa mbali. Na mtu akiwa na Hashimoto, kumjaza iodini kunaweza hata kumharibia zaidi.

Ndiyo maana sipendi kabisa hii biashara ya jeli ya mwani inayouzwa kila mahali kwenye simu zetu, "inatibu thairoidi, inaondoa mawazo, inang'arisha ngozi," yote kwa chupa moja. Mwani una iodini, na chupa haikuambii ni kiasi gani. Mimi nilitumiwa ofa ya kuutangaza, pesa nzuri tu ya kodi ya miezi miwili. Nilikataa, na siku mbili nzima nilijuta, siwezi kuwadanganya.

Basi nikapewa dawa, levothyroxine. Kidonge kidogo mpaka unashangaa, kinapimwa kwa mikrogramu. Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilianza, kwa sababu niliamua: kumbe! Kumbe sikuwa na wasiwasi, ilikuwa ni tezi muda wote. Nilifurahi. Nyinyi hamjui raha ya kupata namba kwenye karatasi ukiwa umeitwa mwenye kujidekeza kwa mwaka mzima. Nikaacha ile daftari yangu ya kuandika hofu, nikawaambia marafiki nimepona kichwa.

Mwili ukaanza kurudi kweli. Jaketi nikaivua. Sauti ikatulia. Lakini saa nane usiku moyo ulikuwa bado unabisha mlango, na matatu bado ilikuwa jeneza lenye muziki. Nikafanya hesabu ya kijinga: kama kidonge kimoja kimeponya nusu, viwili vitaponya yote. Nikaongeza mwenyewe. Sikuuliza mtu.

Siku za kwanza, poa. Baadaye mikono ikawa inatetemeka nikishika simu, jasho, moyo unakimbia nikiwa nimeketi tu, usingizi umetoroka. Unajua hiyo ni nini? Dawa ya thairoidi ikizidi, inafanya mwili kitu kinachofanana sana na shambulio la wasiwasi. Nilikuwa natibu hofu kwa kitu kilichokuwa kinaitengeneza. Usiku mmoja kaka yangu alinibeba na nduthi mpaka Kajiado nikiwa nimemshika kiuno na kumwambia namba yangu ya siri ya simu, ili pesa zangu zisipotee nikifa. Alicheka mwaka uliofuata. Usiku ule hakucheka.

Na hata ukiacha leo, haiishi leo. Dawa hii inachukua karibu wiki moja nusu yake kutoka mwilini, ndiyo maana hata daktari akibadilisha kipimo anakuambia urudi baada ya wiki sita hivi kupima tena. Ni dawa ya watu wenye subira, na wasiwasi ni ugonjwa wa kukosa subira. Hapo ndipo hayo mawili yanapokutana vibaya. Mwili umeshikwa breki, akili inakanyaga mafuta, na wewe ndiye abiria.

Daktari alinirudisha kwenye kipimo changu, hakunigombeza, akasema kitu nilichohitaji kusikia: tezi kulala inaweza kuleta wasiwasi na huzuni, inaweza kuongeza wasiwasi uliokuwepo, na pia mtu anaweza kuwa na wasiwasi wake kando kabisa, ambao utabaki TSH ikiwa sawa. Akanituma kwa mshauri. Nikauliza, "Kwa hivyo ni kichwa?" Akasema, "Shingo na kichwa vimeshikana, hukuona?"

Sasa maoni yangu, maana ndiyo mnanifuatia. Kama kijana amekuja hospitali na wasiwasi au huzuni, pamoja na baridi, nywele, choo, hedhi na uchovu, apimwe tezi kabla ya kuchekwa. Kipimo changu kilinigharimu karibu elfu mbili, na najua hiyo kwa wengi wetu ni unga wa wiki kadhaa, kwa hivyo sisemi kila mtu mwenye mawazo akimbie maabara. Nasema aulizwe maswali. Swali la baridi ni bure. Na huyo huyo kijana akishapata dawa, asiambiwe amemaliza. Kutupa mtu kidonge na kumfungia mlango wa mshauri ni kumtibu nusu, kama vile kumtuma kwa mshauri bila kumpima.

Kitu kingine hakuna anayekuambia: chai. Dawa unameza tumbo likiwa tupu, na maji, halafu unasubiri nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai na chakula. Maziwa yana kalisiamu, inazuia dawa kuingia, na vidonge vya kalisiamu au vya kuongeza damu unaviweka mbali kwa saa nne. Sasa jaribu kueleza hilo kwenye boma la Bisil. Mama yangu ana hoteli ndogo, chai yake ni maziwa yaliyoonyeshwa maji tu, na tangu nizaliwe kikombe cha kwanza cha jiko ni changu. Siku ya kwanza niliposema nisubiri, aliniangalia kama nimemtukana. "Chai yangu siku hizi ina sumu?" Hakuniongelesha mpaka mchana. Kusema kweli, katika hii safari yote, hiyo asubuhi ndiyo ilinipa wasiwasi safi kabisa, wa kienyeji.

Nilimpata na kondoo. Nilimwambia kwamba huko Uingereza 1891 daktari mmoja, George Murray, alikuwa na mgonjwa mwanamke ambaye tezi yake ilikuwa imekufa, akamdunga maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Yule mama alikuwa karibu kuzikwa, akaishi miaka 28 zaidi, na kwa miaka hiyo tezi za kondoo zaidi ya 870 zilienda kwake. Mama akasimamisha mwiko. Kondoo ni lugha anayoielewa. Akauliza, "Mia nane na sabini? Nani alikuwa analipa?" Tangu siku hiyo kikombe changu anakifunika na sahani, anakiweka kando, na akiona nimekisogelea mapema ananiangalia saa ya ukutani.

Kwa walio na dawa tayari, dogo tu: usiiache kwenye kiti cha mbele cha gari au dirishani, jua letu linaiharibu. Na kama unameza vile vidonge vya kukuza nywele na kucha, mwambie daktari kabla ya kutoa damu, vingi vina bayotini na inaweza kuvuruga majibu ya thairoidi. Mimi nilikuwa navimeza kwa sababu nywele zilikuwa zinatoka kwa sababu ya thairoidi. Chekeni tu.

Mshauri wangu hakunipa maneno mazuri, alinipa nauli. Yaani kazi: panda matatu Bisil ushuke Kajiado, rudi. Fanya hivyo mpaka uchoke kuogopa. Halafu Isinya. Halafu Kitengela. Usiombe dirisha. Moyo ukianza, usishuke, uache ukimbie mpaka uchoke wenyewe. Kajiado ilinichukua wiki tatu. Isinya nilishindwa mara mbili, nikashuka katikati ya hakuna kitu, makanga akaniuliza kama nimesahau ng'ombe.

Kesho natakiwa Kitengela kutoa damu ya kurudia. Nitaamka saa kumi na moja, nimeze maji tu kwa sababu daktari amesema kidonge cha kesho nimeze baada ya kipimo. Mama ameshauliza kama chai anifungie kwa chupa. Nimemwambia aifunge, nitakunywa nikirudi, na nimemwambia kaka asinisindikize. Kiti nitakachopata ndicho nitakachokaa.